Zamu ya maji Ausserberg

Msimu wangu wa kwanza wa baridi kule Ausserberg niliulizwa swali moja tu: unasikia baridi? Aliniuliza dereva wa basi, akaniuliza mwenye duka, akaniuliza padri mlangoni mwa kanisa. Watu wema, siwalaumu. Ila mtu anayeulizwa habari za baridi kila siku anajua kwamba bado amekalishwa sebuleni. Sisi mgeni humpa jembe siku ya tatu. Wenzetu walingoja theluji iyeyuke, Aprili 2012.

Nilikuwa nimemfuata mume wangu huko Wallis, kusini mwa Uswisi, kwenye kijiji kilichokaa ubavuni mwa mlima, mita elfu moja hivi juu ya usawa wa bahari, bonde la mto Rhône likiwa chini yetu. Nilijiambia nimetoka mlimani na nimekuja mlimani, hakuna kigeni. Kumbe huu ni mlima mkavu. Vilele vya kaskazini na kusini huzuia mawingu, na pale Visp bondeni mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600. Kwetu Marangu, Kilimanjaro, tunapata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Unaona theluji kule juu, na huku chini majani ya kondoo yanakauka. Kwa hiyo wazee wao walifanya kilekile walichofanya wazee wetu: waliyafuata maji korongoni, wakayaongoza kwa mifereji kupitia majabali, na palipokosa udongo wa kuchimba wakachonga magogo na kuyatundika mwambani ili maji yapite humo. Niwärch, mfereji mkongwe wa pale, ni wa mwaka 1381.

Theluji ikiisha mifereji husafishwa kwa msaragambo, na kila nyumba yenye zamu ya maji hutoa mtu. Siku hiyo mume wangu alikuwa kazini kiwandani, Visp. Mama mkwe magoti yalikuwa yamemshinda. Asubuhi niliamka nikakuta buti zake zimewekwa mezani juu ya gazeti.

"Utakwenda wewe," akasema.

Nilisita, na si kwa uvivu. Kwetu mfongo, yaani mfereji wa maji, ni kazi ya wanaume. Nimekua nikiwaona baba na wajomba wakipanda alfajiri na majembe kwenda kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kuingia mfereji, sisi wasichana tukibaki nyumbani. Letu lilikuwa kihambani, shamba la nyumbani: maji yakifika, tunafungua hapa na kuziba pale, yapite kwenye migomba yote kabla zamu haijaisha. Banio lenyewe sikuwahi kuliona mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Tulikusanyika karibu na kanisa. Msimamizi alisoma majina ya nyumba kutoka kwenye daftari, na alipofika letu nikaitika. Aliinua macho, akatazama buti, nadhani akazitambua, akaendelea kusoma. Nilipewa reki, chombo chepesi kuliko vyote, nikawekwa kwenye kundi la wazee tuliopangiwa kipande cha msituni.

Kazi yenyewe haina hadithi ndefu. Unazoa majani ya misonobari, unatoa mawe yaliyoporomoshwa na barafu, mgongo unakuuma. Kufika saa nne msimamizi akafungulia maji kidogo kujaribu, na chini ya mti mmoja yakaanza kuvuja kuelekea bondeni. Wazee wakasimama kujadiliana. Mmoja alitaka jiwe, mwingine alitaka saruji ipandishwe kesho yake. Mimi nilikuwa nimesimama palepale penye tundu, na mikono haikungoja. Nilikata bonge la udongo lenye majani, nikaligeuza majani yatazame chini, nikalishindilia tundu kwa kisigino, nikaongeza la pili. Maji yakatulia, yakaendelea na safari yao.

Mzee mmoja, mfupi, kiko mdomoni, akaniuliza nimejifunza wapi.

"Nyumbani," nikasema. "Na sisi tuna mifereji."

"Afrika?"

"Kilimanjaro."

Nilitegemea aniulize habari za simba. Aliketi juu ya jiwe, akatoa kiko mdomoni. "Zamu anagawa nani?"

Nikamweleza. Akauliza wa juu akichelewesha maji makusudi inakuwaje. Nikamweleza. Akauliza juu ya mwizi wa maji wa usiku, nikamwambia zamani alitozwa mbuzi na pombe, nao waliochimba wakanywa. Akacheka mpaka akakohoa. Naye akanieleza jinsi babu zao walivyochonga haki za maji kwenye vipande vya mbao, kila nyumba na alama yake, saa zake zikionekana kwa mikato. Na jinsi kulivyokuwa na nyundo ya mbao iliyopigishwa na maji yenyewe, ili mlinzi akiwa mbali asikie kwamba mfereji unatiririka. Nyundo ikinyamaza, anaondoka mbio. Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea mkate dukani, na lahaja yao ni balaa, lakini neno lolote lihusulo maji nililielewa kabla hajalimaliza. Kuhusu baridi hakuniuliza kitu.

Mchana tulikula mkate mweusi, jibini na nyama iliyokaushwa kwa upepo, kisha zamu zikasomwa. Yetu: Alhamisi, saa sita usiku mpaka saa tisa. Nikashukuru, nikarudi nyumbani nimechoka na nimefurahi.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, uso ukimbadilika.

"Saa tatu tu? Usiku wa manane? Na wewe ukakubali?"

Nikamwambia ndivyo ilivyosomwa.

"Marehemu mume wangu alikuwa na saa nne, tena za alfajiri. Wametumegea kwa sababu wamekuona mgeni. Rudi."

Basi nikavaa buti tena, matope hayajakauka, nikagonga mlango wa msimamizi. Akafungua daftari, nikafungua mdomo. Tulibishana jikoni kwake, mkewe akinimiminia kahawa katikati ya maneno, yule mzee wa kiko akaitwa kuwa shahidi na akatoa ushahidi upande wangu. Tukamalizana kwa Jumamosi, saa kumi alfajiri mpaka saa mbili kasorobo.

Mama mkwe alisema bado tumepunjwa robo saa.