Jinsi nilivyoziba ufa wa deraya ya plastiki
Deraya (vazi la vita) yangu ya maigizo ilipasuka begani siku 3 kabla ya onyesho hapa Kirumba, Mwanza. Supa gluu nilishaijaribu zamani: hukauka ngumu kama kioo, ukiinua mkono tu inakatika.

Nilitoboa tundu la milimita 2 pale ufa unapoishia, usizidi kukimbia. Plastiki yenyewe ni aina ngumu iitwayo ABS, na ABS huyeyuka kwenye asetoni, kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha. Nikakatakata mabaki ya ABS ndani ya kichupa cha glasi, nikamimina asetoni, nikafunika usiku kucha hadi ikawa uji mzito. (Fanyeni nje, mbali kabisa na jiko, mvuke wake hushika moto upesi.) Nikapiga msasa upande wa ndani, nikapaka uji, nikabandika kiraka cha ABS hiyohiyo.

Kesho yake jioni niliivaa, nikainua mikono yote miwili. Bega lilitulia.