Tunduru ya Maputo

Semina iliyonipeleka Maputo ilichukua siku tatu, na sina la kusimulia juu yake. Ninachotaka kusimulia kilitokea siku ya nne, Jumatano, siku niliyojibakizia ya kutembea kabla ya kupanda basi la kurudi Johannesburg kuwahi ndege.

Nianze na habari ya hela, maana iliniuma. Kutoka stendi hadi nyumba ya wageni, mwendo wa dakika kumi na tano, dereva wa teksi alinitoza metikali 900. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni zaidi ya shilingi 35,000 za kwetu Tanzania. Chumba hakikuwa na chandarua, maji ya moto yalitoka asubuhi ya kwanza tu, na chai ililipiwa kando. Kireno changu kinaishia kwenye salamu, na mtu asiye na lugha hawezi kubishana bei. Kwa hiyo Jumatano niliapa kutopanda chochote. Nikatoka kwa miguu.

Vibao vya barabara za Maputo vina majina ambayo baba zetu waliyasikia redioni kila jioni. Nilitokea Karl Marx nikakata kona nikaikuta Ho Chi Min. Ipo Vladimir Lenine, ipo Mao Tse Tung, ipo Kim Il Sung, na Friedrich Engels iko juu kwenye ukingo unaotazama bahari, penye nyumba za wenye nazo. Na ipo Julius Nyerere, barabara ndefu ya hoteli kubwa na balozi. Nilisimama chini ya kibao hicho kwa muda. Dar nimepita Barabara ya Samora tangu utotoni, nikienda posta, nikienda kununua viatu vya shule, wala sikuwahi kulifikiria lile jina kuwa ni la mtu. Kumbe huku nako jina la Mwalimu liko vilevile, watu wanalikanyaga wakienda kazini.

Samora Machel mwenyewe, rais wa kwanza wa Msumbiji, yuko Uwanja wa Uhuru, sanamu ya shaba ya mita 9 iliyotengenezwa na Wakorea wa Kaskazini, kidole juu kama anayehutubia. Ukiteremka kidogo kutoka hapo unakuta bustani yenye miti mikubwa ya kikoloni. Zamani iliitwa kwa jina la Vasco da Gama. Siku hizi inaitwa Jardim Tunduru.

Nilisoma mara mbili. Mama yangu ni mtu wa Nachingwea. Tunduru kwetu ni korosho, ni vumbi jekundu, ni njia ya kwendea Songea. Nikatoa simu nipige picha nimpelekee mama, na nyuma yangu sauti ikasema:

"Tunduru kwenyewe umewahi kufika?"

Kwa Kiswahili! Tena si kile cha kuokoteza hotelini. Ni Kiswahili cha kusini, kile kile cha wajomba zangu. Nikageuka. Mzee amekaa kwenye ukuta mfupi, kofia mkononi, bendera imekunjwa mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Utokako hawajambo?"

Nilikuwa nimepanga kuona makumbusho na soko la samaki. Sikuviona. Nilikaa kwenye ukuta ule hadi jua likahama upande wa pili wa bustani.

Yeye ni Mmakonde wa upande wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964 alikuwa mtoto wa mgongoni, na mama yake alivuka naye mto Ruvuma usiku kuingia kwetu. Baba yake akaenda Nachingwea, kwenye kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliyowekwa katika mashamba ambayo Waingereza waliyaacha baada ya mradi wao wa karanga kufa. Yeye alikua na kusoma shule ya FRELIMO ya Tunduru. "Mwalimu wetu wa darasani alitufundisha hesabu kwa Kireno na kutugombeza kwa Kiswahili," alisema, "ndiyo maana Kiswahili hakijanitoka." Juni 1975 walirudi kwao, nchi ikiwa huru.

Nikamuuliza ile bendera. Akaifungua. Nyeusi, nyekundu, ya dhahabu, na katikati nyundo na bikari ndani ya duara la masuke. Bendera ya Ujerumani Mashariki, nchi iliyofutika kwenye ramani Oktoba 1990.

Mwaka 1977 FRELIMO ilijitangaza kuwa chama cha Kimarx na Kilenin na kutia sahihi mkataba wa urafiki na Urusi. Ureno iliyokuwa imeondoka ilikuwa mwanachama wa NATO, silaha za kuiondoa zilitoka Moscow na Peking, kwa hiyo njia ilikuwa kama imekwisha kuchorwa. Angola ikapita huko huko, Ethiopia nayo baada ya kumwangusha mfalme. Mwaka 1979 Msumbiji na Ujerumani Mashariki zikakubaliana kupeleka vijana viwandani. Walikwenda zaidi ya 15,000. Mzee alikwenda 1982, kiwanda cha nguo, katika mji ulioitwa Karl-Marx-Stadt. Siku hizi ni Chemnitz. Alinihadithia baridi ya kule, bweni lenye mlinzi mlangoni, na namna msichana wa Kimsumbiji akipata mimba alivyopandishwa ndege arudishwe kwao. Alinihadithia pia mama mmoja wa Kijerumani pale kiwandani aliyemfumia soksi. Hilo la soksi alilisema polepole kuliko mengine yote.

Mshahara wake ulikatwa. Kwanza robo, baadaye kwa wengi ikafika asilimia 60. "Tuliambiwa fedha zenu zinatangulia nyumbani, mtazikuta." Hawakuzikuta. Makato yale yalitumika kupunguza deni la Msumbiji kwa Wajerumani. Kijana anafuma kitambaa, serikali mbili zinafutiana madeni. Ukuta wa Berlin ukaanguka 1989, viwanda vikafungwa, wakarudishwa. Yeye alifika na pikipiki na friji. Nchi ilikuwa vitani, waasi wa RENAMO wanachoma vijiji kwa msaada wa Makaburu, umeme ukiwaka leo kesho haupo. Friji ikawa kabati la nguo za watoto.

Mtaani waliwapa jina Madgermanes. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiandamana kila Jumatano wakidai chao, na siku ile alikuwa ametoka huko, amekaa kupumzisha goti.

"Lakini mzee, hiyo nchi imekufa. Kwa nini mnabeba bendera yake?"

"Ndiyo iliyoweka sahihi. Walituita ndugu. Ukidai deni la marehemu utalitaja jina la nani kama si lake?"

Sikuwa na jibu. Nilimfikiria baba yangu akipanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, mwanzoni mwa miaka ya 80, kwa ajili ya sukari na ule unga wa yanga, wa mahindi ya njano, kutoka Marekani. Sisi tulikuwa na Azimio letu la mwaka 1967, tukasema hatufungamani na upande wowote, lakini Unguja ilijengewa maghorofa na hao hao Wajerumani, na njaa ilipobisha hodi tulikula mahindi ya upande wa pili. Mama husema wapigania uhuru wa Nachingwea walikuja kijijini kwao kununua muhogo, na wazazi wake waliwapa bure. Hakuna aliyeandika daftari. Sijui kama ni kwa sababu hiyo tu mzee yule aliniita mwanangu, lakini nilitaka iwe hivyo. Na inaniuma kwamba wale waliojiita ndugu kwa mikataba na nyimbo walijua kuandika daftari vizuri sana, kisha wakamwachia kijana wa miaka ishirini deni alilipe kwa mikono yake. Mwaka 1981 Msumbiji iliomba kuingia katika umoja wa kiuchumi wa Warusi na wenzao, ikakataliwa. Undugu ulikuwa na mlango wake.

"Lami imefika Tunduru?" akauliza.

"Imefika, mzee. Inakwenda hadi Songea."

Akanyamaza. "Sisi tulikwenda kwa miguu siku nne," akasema.

Nilitaka kumnunulia chakula, akakataa, akakubali soda. Saa kumi nikamwambia lazima nirudi kuchukua mizigo niende stendi, nikamtajia ile 900 ya teksi. Alikasirika kweli, kama vile ni yeye aliyeibiwa. Akainuka na goti lake, akasimamisha teksi, akainama dirishani, na kwa dakika nzima nilisikia Kireno kikipanda na kushuka.

"Metikali 350, pamoja na mizigo," akaniambia. "Usimwongeze hata moja."

Kisha akaikung'uta bendera vumbi, akaikunja upya, nyundo ikiwa juu, akaondoka kuwafuata wenzake.