Namna nilivyohudumia parokia ya mashambani Ujerumani katika majira ya joto

Kila mwaka, shule za Bavaria kusini mwa Ujerumani zinapofungwa kuanzia mwanzoni mwa Agosti, maparoko wengi wa vijijini nao huchukua likizo, na parokia zao hukabidhiwa kwa wiki kadhaa mapadri wageni kutoka Afrika, India na Ulaya Mashariki. Wengi wa wageni hao ni wanafunzi wa vyuo vya Kanisa mjini Roma, ambako masomo husimama tangu mwishoni mwa Juni hadi Oktoba. Mimi ni padri wa Jimbo Kuu la Songea, na nilipokuwa masomoni Roma niliomba nafasi hiyo katika Jimbo la Augsburg, nikapangiwa parokia moja ya Allgäu, nchi ya malisho na ng'ombe wa maziwa chini ya milima ya Alpi, yenye kanisa la parokia pamoja na makanisa madogo kadhaa ambayo sisi tungeyaita vigango. Naandika kwa ajili ya mapadri wenzangu wanaofikiria kwenda, na pia kwa waamini wa nyumbani ambao huniuliza kama ni kweli makanisa ya Ulaya yamebaki matupu.

Swali hilo la waamini linastahili jibu la haki. Katika Jumapili ya kawaida nilihubiria mabenchi mengi yaliyo wazi, na waliokuwepo wengi wao walikuwa na mvi. Hata hivyo, mtu anayehesabu mabenchi tu hajaiona parokia ya mashambani katika majira ya joto, kwa kuwa wakati huo sehemu kubwa ya maisha yake iko nje ya kanisa: malishoni, mlimani, na kwenye uwanja wa nyumba ya paroko chini ya turubai la kikosi cha zimamoto. Huko niliwakuta vijana ambao ndani ya kanisa sikuwaona.

Shida ya kwanza ya padri mgeni ni lugha. Nilikuwa nimesoma Kijerumani kabla ya kwenda, na Kitabu cha Misa hakikunitisha, maana sala zake nyingi hazibadiliki na mtu anaweza kuzizoea kwa kuzisoma kwa sauti chumbani. Homilia ndiyo iliyonipa kazi. Niliamua isizidi ukurasa mmoja, nikaiandika kwa sentensi fupi, na kila wiki nikampelekea mwalimu mmoja mstaafu wa kijiji, bibi mkali kidogo, ambaye alisahihisha makosa kwa penseli na kupiga mstari chini ya kila silabi iliyotakiwa kukazwa. Siku ya Jumamosi, kanisa likiwa tupu, nilipanda kwenye mimbari na kuisoma yote, huku mtunza sakristia akiwa ameketi benchi la mwisho kabisa na kunyoosha mkono kila aliposhindwa kunisikia au kunielewa. Alinyoosha mkono mara nyingi. Ninawashauri wenzangu wafanye hivyo hivyo, kwa sababu watu wa Allgäu ni wapole mno kumwambia padri mgeni kwamba hawakuambulia kitu.

Lugha ya barazani ilikuwa jambo jingine, kwa maana wazee wa huko husema lahaja yao ambayo darasani sikuisikia hata siku moja. Kwa wagonjwa, basi, sikwenda peke yangu. Nilifuatana na mama mmoja mlei, msomi wa teolojia aliyeajiriwa na jimbo kwa kazi za kichungaji, ambaye alizijua nyumba zote na alijua ni mgonjwa gani anayependa kuimbiwa na yupi anayetaka Komunyo na kimya. Mgonjwa mmoja, mkulima mzee, alipoambiwa ninatoka Songea aliuliza papo hapo kama ninaijua Peramiho, kwani shangazi yake alikuwa sista wa Wabenediktini wa Tutzing na aliuguza watu huko kwa miaka mingi. Ikumbukwe kwamba Wabenediktini waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 walitoka St. Ottilien, monasteri iliyomo katika Jimbo hilo hilo la Augsburg. Tangu siku ile nilianza kutambulishwa kijijini kama padri wa kutoka Peramiho, ingawa kwetu ni mbali kidogo na hapo, na sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Jambo lililonisaidia kuliko yote lilikuwa swali nililoliuliza katika kikao cha kwanza na viongozi wa walei. Waliponisomea ratiba ya Agosti, kwa kila tukio niliwauliza: hapa padri anafanya nini? Mara nyingi jibu lilikuwa fupi sana. Chama cha wanawake kilikuwa kimeshagawana keki za kuoka, bendi ya matarumbeta ilikuwa imeshafanya mazoezi, na kikosi cha zimamoto, ambacho vijijini Ujerumani ni cha watu wa kujitolea, kilikuwa na turubai, mabenchi na majiko ya kuchomea soseji. Padri mgeni aliyezoea kuwa msukumo wa kila kitu, kama tunavyolelewa wengi wetu, anaweza kuona kwamba amepuuzwa. Mimi niliona nimepunguziwa mzigo, nikapata nafasi ya kufanya vizuri yale machache yaliyokuwa yangu.

Ratiba yenyewe imefungwa kwenye kazi ya shamba. Misa ya jioni huanza saa moja, kwa kuwa kabla ya hapo watu wanakamua ng'ombe, na hata baada ya Misa mwanga bado upo, maana katikati ya Agosti jua huzama saa mbili zikiwa zimepita. Mvua ikikatika na jua likawaka siku mbili tatu mfululizo, kijiji kizima kinahamia malishoni kukata na kugeuza nyasi za kulisha mifugo wakati wa baridi, na trekta husikika hadi usiku. Nilijifunza kutazama anga kabla ya kuitisha kikao. Hali ya hewa imo hata katika liturujia: tangu tarehe 25 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu Marko, hadi tarehe 14 Septemba, Kutukuka kwa Msalaba, mwishoni mwa Misa padri hutoa mbaraka maalumu akiomba Mungu aepushe radi, mvua ya mawe na tufani. Mbaraka huo sikuukuta Roma, lakini kwa mtoto wa mkulima haukuhitaji maelezo. Mvua ya mawe ya nusu saa huangusha nyasi, huvunja vigae na kuharibu kazi ya miezi, na sisi nasi tunabariki mbegu kabla ya kupanda kwa hofu na tumaini lile lile.

Tukio kubwa la Agosti ni Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Nyumbani tarehe 15 Agosti tunaiadhimisha kwa shangwe lakini ofisi ziko wazi, ilhali huko Bavaria, katika maeneo yenye Wakatoliki wengi, ni siku ya mapumziko kwa watu wote. Desturi yake ni kubariki mashada ya mimea. Mkesha wake, akina mama na watoto walikusanyika ukumbini wakiwa na mabeseni yaliyojaa walichochuma kondeni na bustanini: kamomili, mnanaa, masuke ya ngano, maua ya rangi zote, na katikati ya kila shada mmea mmoja mrefu wenye maua ya njano yaliyopangana kwenye bua hadi kileleni. Mezani kulikuwa na ubishi mkali juu ya idadi ya mimea inayotakiwa, iwe saba au tisa au kumi na miwili, na kila bibi alishika hesabu ya mama yake. Niliketi nikafunga mashada pamoja nao, na yangu yalifunguka mara tu yalipoinuliwa, hivyo nikapewa kazi ya kukata kamba.

Simulizi wanayowapa watoto ni kwamba mitume walipofungua kaburi la Maria hawakuukuta mwili, bali maua na harufu nzuri. Shada lililobarikiwa huanikwa likakauka, likawekwa kwenye pembe ya sebule ulipo msalaba au likatundikwa zizini, na wazee wengine hutupa tawi lake motoni radi zinapozidi. Hapo nilipaswa kupima maneno, kwa kuwa mimi natoka mahali ambapo padri hutumia nguvu nyingi kutenganisha baraka na hirizi, na nisingependa kusema Ujerumani jambo ambalo Songea nalikataza. Niliwaambia kwa upole kwamba shada lile ni sala ya mkulima aliyokubali kuionesha kwa mikono yake, na kwamba anayelinda zizi ni Mungu anayeombwa, wala si tawi. Mwalimu wangu wa Kijerumani alikuwa ameufuta mstari huo katika rasimu, kisha akaurudisha mwenyewe. Kanisa lilijaa siku hiyo hadi watu wakasimama nyuma, na harufu ya mnanaa iliushinda uvumba.

Misa ya mlimani ilinipa hofu zaidi. Tangu Juni hadi katikati ya Septemba ng'ombe wachanga hupelekwa kwenye malisho ya juu, na wachungaji wao hawawezi kushuka kila Jumapili, hivyo mara moja katika majira hayo parokia hupanda kuwafuata. Malisho yetu yalikuwa upande wa Grünten, mlima wa mita 1,738 ambao watu wa Allgäu huuita mlinzi wao. Misa hupangwa asubuhi kwa sababu za usalama, maana mawingu ya radi hukusanyika mchana na mlimani hakuna pa kujificha. Uamuzi wa kupanda au kubaki kanisani haukuwa wangu: alfajiri mtunza sakristia alishauriana kwa simu na mkuu wa bendi, kisha akanigongea mlango akiwa amenishikia viatu vya kupandia vya mwanawe.

Yeyote atakayeadhimisha Misa mahali kama pale na ajiandae kwa upepo. Kitambaa cha altare tulikibana kwa vibanio vya nguo pande zote, korporale, kile kitambaa kidogo cha chini ya kalisi, tukaiwekea vijiwe safi kwenye pembe, hostia zote zikakaa ndani ya siborio yenye kifuniko, na kurasa za Kitabu cha Misa zikashikwa na mtumishi wa altare ambaye kazi yake ilikuwa hiyo tu. Chetezo tulikiacha chini. Wakati wa mageuzo ndama walikuja hadi karibu na mabenchi, kengele zao zikilia shingoni, na kwa kuwa hakuna aliyegeuza kichwa, nami sikuugeuza. Baadaye tulikula mkate na jibini ya pale pale, na nilikuwa nimekwisha kushuka wakati matone ya kwanza yalipoanza kuanguka.

Jumapili yangu ya mwisho ilikuwa sherehe ya parokia. Viongozi wa walei waliniomba nifanye jambo moja la nyumbani, nadhani wakitarajia wimbo na ngoma. Mimi nikapendekeza mnada. Niliwaeleza kwamba kwetu waamini huleta altareni kuku, maboga na mikungu ya ndizi, na baada ya Misa vitu hivyo hunadiwa uwanjani kwa faida ya kanisa. Wengine walisita, wakihofia watu wataona haya kutaja fedha hadharani, lakini mhazini wa zimamoto alisema paa la kigango kimoja linavuja na haya haizibi paa.

Niliomba vitu vilivyotengenezwa kwa mikono tu. Vilikuja jamu, asali, jibini, soksi za sufu na jogoo mmoja ndani ya tenga. Nilianza na chupa ya jamu kwa euro 3, na kwa dakika nzima nilijibiwa kwa kimya ambacho dalali yeyote wa Songea angekiita msiba. Ndipo yule mwalimu mstaafu akasema euro 10, mkuu wa bendi akasema 15, na chupa ikaenda kwa 20. Mkuu wa bendi alipokuja kuichukua nilimnong'oneza kwamba nyumbani mnunuzi anayetaka sifa huirudisha mnadani. Alicheka, akairudisha. Watu hawakuelewa mara moja ni kwa vipi kitu kimoja kinauzwa tena kikiwa kimekwisha kulipiwa, na walipoelewa, uwanja ulichangamka kwa kelele ambazo sikuwahi kuzisikia kwa watu wale watulivu. Jamu ile iliuzwa na kurudishwa hadi nikasahau ni ya nani. Jogoo alinunuliwa na vijana wa zimamoto kwa kuchangishana, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na banda.

Kabla ya kuondoka nilimwandikia paroko kurasa za makabidhiano: wagonjwa niliowapa Komunyo na tarehe zake, nia za Misa zilizokwisha kuadhimishwa, familia iliyofiwa ambayo bado ilihitaji kutembelewa, na fedha za mnada zilizokabidhiwa kwa mhazini mbele ya mashahidi. Fedha hizo halmashauri ya parokia ilizielekeza kwenye lile paa. Paroko alinijibu baadaye kwamba mnada umeingizwa katika ratiba ya mwaka uliofuata, kwamba mhazini wa zimamoto ameomba kuwa dalali, na kwamba jogoo yuko kwa mtunza sakristia na anawika wakati wa Misa ya asubuhi.