Reli ya maonyesho iliyokuwa ikitanuka: jinsi nilivyoitengeneza

Magurudumu ya modeli ya injini yalikuwa yakidondoka katikati ya reli. Chanzo: reli zilipigiliwa moja kwa moja kwenye ubao mpana, na masika ya Mwanza ubao hunyonya unyevu ukatanuka kwa upana. Kwa urefu hautanuki sana, na hapo ndipo dawa ilipo.

Nilikata mataruma 12 (vipande vya mbao vinavyolala kukingama chini ya reli) ya mninga, mm 20 × 15 × 90, nyuzi za mbao zikifuata urefu wa taruma. Niliyabana pamoja kwenye jiliwa (kibanio cha fundi), nikachanja mifereji miwili ya kina cha mm 5 kwa mkupuo mmoja. Reli zenyewe ni flati baa (ukanda bapa) ya alumini, mm 3 × 12, inayosimama humo kwa gundi ya epoksi. Nafasi ya ndani kati ya reli mbili ni mm 45, inayofaa modeli ya uwiano wa 1:22.5 ya reli yenye upana wa mita moja, kama ile ya zamani ya Reli ya Kati. Kabla gundi haijashika, pitisha kipande cha chuma cha mm 45 kati ya reli njia nzima.

Kila taruma lipate skrubu moja ya kulishika kwenye ubao, katikati. Ukiweka mbili, ubao utalipasua.