Nilivyotumia umeme kidogo kubadilisha mazao ya bakteria

Nilitaka bakteria wanaokula gliseroli wanipe 1,3-propanedioli zaidi, ile inayotengenezewa nyuzi za polyesta, na asidi ya asetiki kidogo. Gliseroli haikunisumbua. Wakaangaji wa viazi karai na bajia hapa Majengo, Mombasa, hubaki na mafuta yaliyochoka. Ukiyageuza biodizeli, gliseroli hutuama chini. Mama mmoja alinipa dumu zima: "Chukua mwanangu, mie yanipa kazi kuyamwaga." Gliseroli ilipopatikana niliichemsha penye hewa methanoli itoke, kisha nikaitia asidi ili sabuni itengane.

Bakteria akila gliseroli hubaki na elektroni za ziada, na lazima azitue mahali. Kila molekuli ya propanedioli hubeba 2 kati ya hizo. Ukimletea elektroni nyingine kwa katodi, yaani ncha hasi ya umeme, njia hiyo hupanuka. Hapigwi shoti hata kidogo! Mwaka 1990 watafiti Emde na Schink walitumia elektrodi kumfanya bakteria Propionibacterium freudenreichii atoe propionati (zao lake jingine) zaidi, na kazi yao ndiyo iliyonitia hamu.

Mombasa, jambo la kuangaliwa kwanza ni chumvi. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na kloridi ya chumvi hiyo ikifika kwenye anodi, ncha chanya, hugeuka klorini, ambayo ni sumu kwa bakteria. Kwa hiyo nilitumia maji yaliyokenekwa, nikatenga chumba cha katodi na cha anodi kwa daraja la agari (jeli ya mwani) lenye fosfati ya potasiamu. Kloridi ya potasiamu, ambayo wengi huitumia, niliiacha. Nitrati pia niliikataa, maana baadhi ya bakteria huzitua elektroni zao huko na hesabu yote ikaharibika.

Mbegu, yaani bakteria wa kuanzia, ilikuwa tope la mtambo wa biogesi. Nililichemsha kwanza ili vijidudu vya methani vife, wabaki bakteria wenye spora (umbo gumu linalovumilia joto) kama Clostridium. Nikafukuza oksijeni kwa nitrojeni, nikashikilia katodi ya grafiti kwenye volti hasi 0.9 dhidi ya elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, ambayo ndiyo kipimo cha kulinganishia. Pembeni niliweka chupa pacha yenye kila kitu, hata grafiti, ila haina umeme. Bila pacha huyo usimwamini mtu anayekuambia umeme umefanya kazi.

Kromatografia, njia ya kutenganisha kemikali na kuzipima, ilionyesha propanedioli imepanda kwenye chupa ya umeme na asetati (ile asidi ya asetiki) imeshuka. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni hesabu. Nilijumlisha mkondo wote, nikagawanya kwa kulomu 96,485, chaji ya moli moja ya elektroni, ili nipate moli za elektroni. Zilizopita kwenye waya zilikuwa chache kuliko zinazohitajika kuunda ziada ile. Umeme haukuwa chakula chao, ulikuwa usukani: uligeuza njia ambayo bakteria wanapitisha elektroni za gliseroli yenyewe.

Sasa napima haidrojeni iliyo juu ya chupa. Katodi huitoa pia, na baadhi ya bakteria huila, hivyo lazima nijue ni kiasi gani cha badiliko kilitoka kwenye gesi na kiasi gani kwenye grafiti.