Nilivyopata chuo cha PA ambacho familia yetu ingekiweza

Barua ya kwanza ya kukubaliwa kusomea PA (physician assistant, mhudumu anayetibu wagonjwa akishirikiana na daktari) niliisoma nikiwa ndani ya gari, nje ya makao ya wazee nilikokuwa nimemaliza zamu ya usiku. Nililia. Siku kumi baadaye niliwaandikia kwamba nafasi hiyo siichukui. Aliyenifumbua macho ni mke wangu: "Baba Neema, karo tumeiona. Lakini miezi hiyo ishirini na saba ya masomo tutakula nini?"

Nyumbani, magharibi mwa Kenya, nilikuwa afisa wa kliniki, mhitimu wa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya. Nimeshona majeraha, nimetibu malaria na nimonia, nimehudumia foleni ya wagonjwa mpaka giza likaingia. Bahati nasibu ya green card ilipotuleta Minnesota, nilidhani nitafanya mtihani wa kuthibitisha ujuzi wangu kisha niendelee na kazi. Haiko hivyo. Mtihani unaotangulia leseni ya PA, yaani PANCE, hufanywa tu na aliyehitimu katika programu iliyoidhinishwa na ARC-PA, chombo cha Marekani kinachokagua programu za PA, na cheti chetu hakimpunguzii mtu hata muhula mmoja. Liliniuma sana hilo, hasa nilipojua kwamba kazi yenyewe ilianzishwa chuo kikuu cha Duke mwaka 1965, na wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaume waliotoka jeshi la majini wakiwa tayari wanajua kutibu. Watu kama mimi.

Diploma yangu haikuhesabiwa kuwa digrii, kwa hiyo nilianzia chuo cha jamii, nikamalizia digrii ya kwanza katika chuo kikuu cha umma, huku nikifanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kuwageuza na kuwaogesha wazee. Sitaeleza sana miaka hiyo. Saa zile za kuwahudumia wagonjwa zilinifaa baadaye, kwa kuwa vyuo vingi vya PA huzidai kabla hata ya kuangalia alama.

Mwaka wa kwanza wa kuomba nilitupa pesa. Maombi karibu yote hupitia mfumo mmoja, CASPA, na kila chuo unachoongeza unakilipia. Nilichagua vinane kwa majina yao tu. Vitatu vilinijibu baadaye kwamba havikubali masomo ya sayansi yanayodaiwa kabla ya kuomba yakiwa yamesomwa nje ya Marekani, na kemia na mikrobaiolojia yangu ilikuwa ya Kenya. Kingine hakikuhesabu saa zangu za kazi za Kenya. Majibu hayo ningeyapata bure kwa barua pepe ya mistari minne. Ndugu yangu uliyesomea nyumbani, tafadhali uliza kabla hujalipa: masomo ya nje mnayapokea? Saa za kazi za nje je? Na majibu yao uyahifadhi.

Baada ya swali lile la mke wangu tuliketi mezani na daftari. Chuo kilichonikubali kilikuwa cha binafsi, karo dola 96,000. Tukaongeza kodi ya nyumba, bima ya afya, gari, chakula cha watoto wawili, kwa zaidi ya miaka miwili bila mshahara wangu, maana programu nyingi za PA zinakuzuia au kukusihi usifanye kazi. Kisha nikapiga simu kuuliza mwaka wa pili, ule wa kuzunguka hospitalini, wanafunzi hupelekwa wapi. Nikaambiwa baadhi ya vituo viko mwendo wa saa nne au tano, na malazi ni juu ya mwanafunzi. Yaani nyumba mbili za kulipia kodi kwa wakati mmoja. Hilo halikuwa kwenye ukurasa wao wa karo.

Tukaanza kutazama vyuo vya umma, ambavyo mkazi wa jimbo hulipa kidogo kuliko mgeni. Karibu na sisi Minnesota, nilivyoviona vilikuwa vya binafsi. Texas ina programu kadhaa za umma, na dada ya mke wangu alikuwa Dallas. Lakini kule huhesabiwi mkazi kwa kufika tu: ni lazima uwe umeishi miezi 12 mfululizo kabla ya masomo, ukiwa na maisha halisi pale, si masomo peke yake. Tulihama. Nilipata kazi ya CNA wiki ya pili, nikabadilisha leseni ya udereva, mkataba wa nyumba ukawa kwa majina yetu. Kila karatasi niliitia kwenye faili moja la kijani. Tulipoteza mwaka, na tuliwaacha binamu waliokuwa wakitulelea watoto bure. Mke wangu alilia siku tunafunga mizigo. Hata hivyo karo ya chuo kilichonichukua hatimaye ilikuwa dola 46,000.

Kilikuwapo cha bei ya chini zaidi. Nilikiacha kwa sababu mbili. Tovuti ya ARC-PA huonyesha hali ya kila programu, na hicho kilikuwa kwenye uangalizi wa adhabu (probation), yaani idhini yake ilikuwa hatarini. Pili, vyuo vinatakiwa kutangaza wangapi waliofaulu PANCE na wangapi walioacha njiani. Pale, kati ya 40 walioanza, 31 ndio waliomaliza kwa wakati. Mtu mwenye watoto akiacha katikati hubaki na deni la mwaka mzima bila leseni ya kulilipia. Mimi ningeshauri jedwali hilo lisomwe kabla ya karo.

Kuhusu mikopo, wanaoanza sasa wawe macho. Mimi nilikopa mapema. Tangu Julai 1, 2026, mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa ukijaza pengo lote, umefungwa kwa wakopaji wapya, na mwanafunzi wa kawaida wa digrii ya pili hapati zaidi ya dola 20,500 kwa mwaka kutoka serikali ya shirikisho. Kiulize chuo pengo litajazwa na nini. Ipo pia ile skolashipu ya National Health Service Corps, inayolipa karo na posho ya kila mwezi, nawe unatumikia maeneo yenye uhaba wa wahudumu. Inataka raia, green card haitoshi. Mimi uraia niliapa nikiwa nimechelewa mwaka mmoja, na ningejua, ningejaza fomu za uraia siku ileile niliyotimiza masharti.

Nilimaliza nikiwa na deni la dola 63,000, kodi na chakula vikiwemo. Sasa niko kliniki ya mji mdogo ambako wagonjwa wengi hawana bima. Foleni ni ndefu kama ya kule nyumbani.