Spider-Man mwenye mke na watoto
Nimerudia katuni za zamani za Spider-Man, na sasa nikiwa mzazi namsoma mtu mwingine kabisa. Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, alizaliwa kurasani 1962 akiwa mwanafunzi, akamwoa Mary Jane 1987. Halafu, katika hadithi iliyoanza 2007, ndoa ikafutwa kwa mapatano na shetani Mephisto ili shangazi May apone. Shetani! Talaka ya kawaida iliwashinda nini?

Mimi namtaka yuleyule mwenye mke. Arudi alfajiri mbavu zinamuuma, akute mtoto ana homa na zamu ya kumbembeleza ni yake. Kuruka maghorofa ameshazoea. Kikao cha wazazi kikigongana na wizi wa benki, hapo ndipo nitakapokesha nikisoma.